Kinyozi Hajinyoi: Juu ya Kumwambia Mhandisi Ajiajiri

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye shahada ya uhandisi wa ujenzi, alinijia ofisini na barua mkononi. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, "naomba unisahihishie Kiswahili changu." Katika muda wa miaka miwili nimekwisha kumsahihishia barua kumi na tisa za kuomba kazi ya uhandisi. Hii ya ishirini ilikuwa ya kuomba kazi ya kutunza ghala la duka la saruji na nondo. Kosa la sarufi sikuliona. Nilipomrudishia, hakuondoka. "Limebaki neno moja," alisema. "Je, niifute shahada? Duka la kwanza walinikataa. Walisema msomi hakai."

Juma lile lile nilihudhuria mkutano wa wasomi. Mwenzetu mmoja alisimama akahutubu kwa ufasaha kwamba vijana wa leo wanachagua kazi, kwamba zama za kuajiriwa zimepita, na kwamba dawa ya yote ni neno moja: wajiajiri. Ukumbi ulipiga makofi, nami kwa adabu nikapiga. Makala haya nayaandika kutubu makofi yale.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nianze na neno lenyewe. Kitenzi ajiri ni ndugu wa jina ujira, na wote wawili asili yao ni Kiarabu. Ndani ya kitenzi hiki mna watu wawili: mmoja mwenye kazi na mali, wa pili mwenye nguvu na maarifa, na kati yao pana ujira utokao mkono huu kwenda mkono ule. Kiambishi ji hurejesha tendo kwa mtendaji, nacho kinafaa sana katika vitenzi vingi: mtu hujifunza, hujinyima, hujilaumu. Lakini si kila tendo hurejeshwa. Wahenga walilijua hilo kabla ya vyuo vyetu kufunguliwa. Ndiyo maana walisema kinyozi hajinyoi, wakasema tena mganga hajigangi. Amwambiaye mtu asiye na mali, wala karakana, wala mteja, kwamba ajiajiri, amemtaka atoe ujira asio nao, kisha aupokee kwa shukrani.

Huenda mtu akasema kuwa huu ni mchezo wa maneno. Basi tuyaache maneno, tutazame sheria. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 iliweka Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ikamkataza mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya kihandisi. Mwenye shahada huandikwa kwanza katika daraja la mhandisi mhitimu. Ili afike daraja la mhandisi mtaalamu, hana budi kupata mazoezi ya kazi ya miaka isiyopungua mitatu, chini ya macho ya mhandisi aliyemtangulia. Kwa hiyo tunapomwambia kijana aliyetoka chuoni jana kwamba ajiajiri katika uhandisi, tunamwambia afanye jambo ambalo sheria haimruhusu kulifanya peke yake.

Sheria hii siilaumu hata kidogo. Mwezi Machi 2013 ghorofa refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine lilianguka Kariakoo, nalo likaua watu zaidi ya 20. Mwalimu wa lugha akikosea, sentensi huharibika. Mhandisi akikosea, watu huzikwa. Ni haki, basi, kwamba mkono mchanga usiachiwe nguzo na zege bila mkono mkongwe kuuongoza. Ninalolaumu ni hili: tumemlazimisha kijana kupita katika mlango huo, kisha tumeufunga. Kampuni nyingi zinapotangaza kazi hudai uzoefu wa miaka mitatu, nyingine mitano. Uzoefu hutokana na kuzoea, na mtu huzoea kitu alichokaribishwa kukigusa. Asipokaribishwa atakizoeaje? Ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba, na aliye nje anaitwa mvivu kwa sababu hafungui.

Ziko nafasi za Serikali za daraja la kuanzia zisizodai uzoefu, nami nalikiri hilo kwa furaha. Lakini waombaji ni wengi mno kuliko viti, na kijana wangu amekwisha kukaa katika usaili mara tatu, akarudi nyumbani mara tatu.

Mabaharia na maseremala wa pwani yetu hawakufanya hivi. Fundi wa majahazi alimpokea mwanagenzi hajui kushika tezo. Alimfanya abebe mbao, kisha atoboe, kisha apigilie, mpaka siku moja akamkabidhi ubavu mzima wa chombo. Na mwanagenzi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba. Hakuna fundi aliyesimama mlangoni pa bandari akamwambia mtoto, "Nenda kwanza ukaunde majahazi matatu, ndipo uje nikufundishe." Watu hao hawakuwa na shahada, lakini walijua kwamba ufundi huzaliwa na mtu mwingine.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba wakati wa Uhuru, mwaka 1961, nchi ilikuwa na wahandisi wawili tu waliosomea kazi hiyo. Kwa ajili ya upungufu huo, mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi. Katika miaka hiyo Serikali ndiyo iliyowapangia wahitimu kazi. Kijana alitoka darasani akaingia kiwandani au katika idara ya ujenzi, akamkuta mkubwa wake akimngoja. Sisemi kwamba siku hizo zirudi kama zilivyokuwa. Vyuo vimekuwa vingi, wahitimu wamekuwa wengi, na hazina haiwezi kumlipa kila mtu mshahara. Nasema kwamba tulipouacha utaratibu wa kuwapangia kazi, tuliuacha pamoja na uanagenzi uliokuwa ndani yake, kama mtu aliyemwaga maji ya kunde akamwaga na kunde zenyewe.

Mpinzani wangu atajibu kuwa uchumi ni mgumu na kazi hakuna. Uchumi ni mgumu, kweli. Lakini je, kazi hakuna? Mwaka 2024 treni za reli ya kisasa zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Katika mto Rufiji tumejenga bwawa lenye mitambo tisa ya kutoa megawati 2,115 za umeme. Mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilifunguliwa juu ya Ziwa Victoria. Nchi yenye kazi za namna hii haiwezi kusema kwamba haina mahali pa kuwafundishia wahandisi wake. Najua kwamba Watanzania wengi walifanya kazi humo, na baadhi yao walikuwa wahandisi. Swali langu ni jingine: katika kila mkataba tuliotia saini kwa fedha ya umma, tulihesabu saruji, tukahesabu chuma, tukahesabu siku. Je, tulihesabu na wanagenzi?

Mpinzani atajibu tena kuwa wako vijana waliojiajiri wakafanikiwa. Wako. Lakini aliyefungua karakana ya kuchomelea vyuma, ukimwuliza, mara nyingi atakutajia fundi aliyemshika mkono. Na aliyenunua pikipiki akabeba abiria, au akauza chipsi kando ya barabara, amefanya kazi ya halali, wala sioni aibu ndani yake. Aibu ni yetu tunapomwita "mhandisi aliyejiajiri". Tumpe jina lake: ni mfanyabiashara tuliyempata baada ya kumpoteza mhandisi, aliyesoma miaka minne, mara nyingi kwa mkopo unaomngoja alipe. Husemwa pia kwamba mchagua jembe si mkulima. Nakubali, lakini huyu hajaonyeshwa jembe hata moja, atachagua lipi?

Na ni nani anayesema "jiajiri"? Tutazamane, wenzangu. Anayesema ni waziri, naye ameajiriwa. Ni mkurugenzi, naye ameajiriwa. Ni mhadhiri, naye hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mimi mwenyewe nilipomaliza shahada ya kwanza sikujiajiri. Nilichukuliwa kuwa mkufunzi msaidizi, nikawekwa chini ya mzee mmoja aliyesoma kila ukurasa wangu kwa wino mwekundu. Baada ya miaka mingi ndipo nikaitwa daktari. Chuo Kikuu, basi, kinajua uanagenzi na kinautumia kwa watu wake. Kwa nini kiwahubirie wengine dini ambayo chenyewe hakiiabudu?

Dawa haiko mbali. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa mafunzo ya wahandisi wahitimu, unaowaweka kazini kwa miaka mitatu chini ya uangalizi. Njia, kwa hiyo, inajulikana. Ila ni nyembamba kuliko umati unaotaka kupita. Na ipanuliwe kwa jambo moja la sheria: kila mkataba wa ujenzi unaolipwa na umma utaje idadi ya wahandisi wahitimu watakaofundwa humo, posho yao, na jina la mhandisi atakayetia saini katika daftari zao za kazi, na mkandarasi asiyetimiza hilo asilipwe fedha yake ya mwisho, kama vile asivyolipwa akipunguza nondo. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kumsomesha mhandisi kisha kumtunzisha ghala.

Baada ya hapo, kijana aliyekwisha kufundwa akiambiwa ajiajiri, neno hilo litakuwa na maana, kwani atakuwa na maarifa yaliyokomaa, na saini yake itakuwa na thamani mbele ya sheria. Kabla ya hapo ni neno la kumfukuza mtu kwa upole.

Kijana yule alisimama mbele ya meza yangu akingoja jibu. Nilimwambia asiifute shahada. Aliniuliza, "Na wakininyima kazi kwa sababu yake, Mwalimu?" Sikuwa na la kumjibu. Aliikunja barua, akaaga, akaenda zake.