Usimchinje Sungura Jike Kabla ya Kujua Kosa Lake

Ikiwa una jamaa anayefuga sungura huko Timau, huenda umewahi kusikia habari za jike aliyepandishwa mara mbili tatu asishike mimba, au aliyezaa na vitoto vyote vikafa kabla ya kucha. Hukumu yake huwa moja tu: sufuria. Lakini mara nyingi kosa si la mnyama bali ni la mwenye kizimba.

Sungura jike hana siku maalum za joto kama ng'ombe. Mayai yake hutoka baada ya kupandwa, kiasi cha saa 10 baadaye. Kwa hivyo anaweza kushika mimba wakati wowote, mradi mwili wake uwe tayari. Wa aina ya New Zealand au California asipandishwe kabla ya kutimiza miezi 5. Mpeleke jike kwa dume, wala si dume kwa jike, kwani jike hulinda kwake na huweza kumng'ata mgeni. Na dume huyo asiwe baba yake wala ndugu yake.

Wengi hudhani kwamba jike akinenepa ndipo atakapozaa sana. Sivyo! Mafuta yakimzidi, hushika mimba kwa shida. Naye aliyekonda kwa kunyonyesha asiharakishwe kurudi kwa dume. Timau mboga ni tele, lakini chagua: majani ya karoti ni mazuri, ya viazi yana sumu. Nyasi kavu na maji safi visikosekane.

Kule Mombasa adui ni joto, ambalo hudhoofisha mbegu za dume. Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, adui ni baridi. Mimba huchukua siku 31 hivi, na vitoto huzaliwa bila manyoya. Siku ya 28 mwekee jike sanduku lenye nyasi kavu, naye atajinyofoa manyoya atandike. Asipowekewa, atazalia juu ya waya, na usiku mmoja watosha kuua vitoto vyote.

Usishtuke pia ukiona hakai na vitoto. Kwa kawaida hunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache. Mbwa na kelele humtia hofu, akavikanyaga au hata kuvila.

Nawe mwanafunzi, ukienda nyumbani likizoni, chukua daftari. Andika siku ya kupandisha, dume aliyetumika, siku ya kuzaa, vitoto vilivyozaliwa na vilivyopona. Huenda karo yako inatoka katika vizimba hivyo. Jike mwenye afya akishindwa mara tatu, kwa madume tofauti, basi sufuria itakuwa na haki yake. Kabla ya hapo, mchunguze kwanza mfugaji.