Rangi Nyekundu Ukutani, Mpangaji Ndani

Usiku wa Ijumaa, tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, ploti ya ghorofa sita iliporomoka kando ya mto huko Huruma, Nairobi. Watu wapatao hamsini walikufa. Waokoaji walichimba siku baada ya siku, na hata siku ya sita walikuwa bado wanatoa watu wakiwa hai. Haikuchukua muda nchi nzima kujua mambo mawili: jengo lilijengwa bila kibali, na lilikuwa limeshatiwa kwenye orodha ya majengo ya kubomolewa. Mwenye nyumba akakamatwa. Viongozi wakafika na makoti ya mvua. Jengo linapoanguka, ile methali ya ufa na ukuta hutolewa kabatini, hupanguswa vumbi, husomwa katika taarifa ya habari, kisha hurudishwa mahali pake.

Swali lililotawala siku zile, na ambalo hutawala kila mara, ni nani aliyeruhusu nyumba ijengwe. Ni swali la haki. Toleo hili tumeliandaa kwa sababu ya swali jingine, ambalo halikupata nafasi: tangu siku ofisi za serikali zilipojua kwamba nyumba ile haifai, hadi usiku ilipoanguka, wapangaji walikuwa wakilipa kodi kwa msingi gani?

Nauliza kwa sababu jibu limo katika vitabu vyetu vya sheria. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1921, inaihesabu kuwa kero nyumba iliyojaa watu kupita kiasi, isiyopitisha hewa wala mwanga, iliyo chafu, au iliyojengwa kwa namna inayohatarisha afya ya wanaoikaa. Afisa wa afya akiridhika kwamba kero ipo, humpa mhusika notisi ya kuiondoa katika muda maalumu. Mhusika akikaidi, huenda naye mahakamani. Hakimu anaweza kumtoza faini, anaweza kumwamuru afanye ukarabati, na mamlaka ya mahali inaweza kupewa idhini ya kuifanya kazi hiyo yenyewe kisha imdai mwenye nyumba gharama. Nyumba ikionekana haifai kabisa kukaliwa na binadamu, hutolewa amri ya kuifunga. Na pamoja na amri hiyo, mahakama inaweza kuamuru kwamba mpangaji asidaiwe kodi.

Kifungu hicho cha kodi ndicho ningependa msomaji atembee nacho katika kurasa zinazofuata. Faini mwenye ploti huihesabu kama gharama nyingine ya biashara, sawa na kununua balbu za ngazini. Mwezi usio na kodi, vyumba mia vikiwa vimejaa watu, ni habari nyingine kabisa. Hata hivyo nani amewahi kumsikia mpangaji wa mitaa ya Nairobi kama Pipeline au Zimmerman akisema ameacha kulipa kwa amri ya hakimu? Anachokifahamu ni X nyekundu. Watu wa serikali huja na kopo la rangi, huchora alama ukutani, huondoka. Pengine tingatinga hufika baada ya mwezi, pengine baada ya miaka, pengine halifiki, na mwenye nyumba hupaka rangi juu ya rangi.

Sababu za tabia hii ni za kale. Mwaka 1902 tauni ilipozuka Nairobi, mji ukiwa bado kambi ya reli, wakuu waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto, likachomwa. Miaka kumi na kidogo baadaye Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kutoka Uingereza kuchunguza hali ya usafi katika Afrika Mashariki, alipendekeza makazi yatenganishwe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Kwa hiyo ukaguzi wa nyumba ulianza hapa kwetu kama ulinzi wa mtu anayeishi mbali na nyumba inayokaguliwa. Yule anayelala ndani alikuwa ndiye hatari yenyewe. Maneno ya sheria iliyotungwa baadaye yanamfikiria mkaaji, lakini mikono inayoitekeleza ilifundwa katika moto ule, na X ya leo ni mjukuu wake. Kwanza inaondolewa nyumba, aliyekuwamo atajijua.

Tazama kilichotokea kwenye ukaguzi mkubwa wa 2015. Majengo kadhaa yalianguka Nairobi mwishoni mwa 2014 na Januari 2015, mojawapo likiwa huko huko Huruma, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru majengo ya mji yakaguliwe. Zaidi ya nusu ya yaliyokaguliwa yalionekana hayafai kukaliwa. Matokeo hayo yalitangazwa kama aibu ya wajenzi, nayo ni aibu kweli. Mimi nayaona pia kama kipimo cha serikali yenyewe. Ikiwa zaidi ya nusu ya nyumba hazifai, na dawa pekee unayoijua ni kubomoa, basi huna dawa. Huwezi kubomoa nusu ya mji ambao takriban kaya tisa katika kila kumi zinakaa nyumba za kupanga. Utachagua chache za kubomoa. Na pale ambapo afisa anachagua, bila ratiba inayojulikana wala orodha iliyobandikwa, X yenyewe hupata bei. Watu hulalamika kwamba hongo imeharibu ukaguzi. Nadhani mambo yamekwenda kinyume: adhabu kubwa mno, isiyoweza kutolewa kwa wote, ndiyo inayoifuga hongo, kwa maana kila mmoja anajua kuna nafasi ya kuzungumza kati ya siku ya rangi na siku ya tingatinga.

Sasa ingia ndani ya ploti ya kawaida. Chumba cha futi kumi kwa kumi. Korido ambayo saa sita mchana ni giza, ukaipapasa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ndoo. Ngazi zimelowa maji ya kufulia. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, na ukinyoosha mkono unaugusa. Limefungwa vyuma vilivyochomelewa moja kwa moja, wezi wasiingie, na moto ukitokea wewe usitoke. Mtungi wa gesi umekaa kati ya kitanda na mlango kwa sababu hakuna pengine pa kukaa. Geti ni moja, na usiku keateka hulitia kufuli akaenda kulala na ufunguo. Nyaya za stima zimepita juu ya bomba. Vyoo vya ghorofa nzima ni viwili, kimoja kimeziba tangu Jumanne.

Nimeitaja orodha hiyo kwa makusudi, kwa sababu ndani yake karibu hakuna kitu kinachohitaji tingatinga. Dirisha linaweza kuwekewa bawaba na kufuli ya ndani. Korido inaweza kuwashwa taa. Ufunguo wa pili unaweza kukaa kwa mpangaji wa ghorofa ya kwanza. Mtungi unaweza kujengewa kibanda cha nje, chemba inaweza kuzibuliwa. Kuna majengo ambayo msingi wake umeoza, nguzo zake zimejengwa kwa saruji ya kuhesabu, na hayo hayana budi kuhamwa na kuvunjwa. Lakini ajali za kila siku, moto wa usiku, kifua kikuu kinachosambaa katika vyumba visivyo na hewa, mtoto anayeteleza ngazini, hizo zinatokana na mambo ambayo fundi na notisi ya siku thelathini vinayatosha. Wala hayapigwi picha. Gavana hawezi kuzindua bawaba.

Tena yanahitaji mtu wa kuyasema, na hapo mpangaji hana kinga. Anayepiga ripoti leo, mwenye nyumba atakuwa na jina lake kabla ya jua kuzama. Wiki ijayo kodi itapanda, au atasikia kwamba chumba chake kinatakiwa na binamu kutoka kijijini. Sheria ya Kudhibiti Kodi ipo, na baraza lake humzuia mwenye nyumba kumtoa mtu ovyo. Ila ulinzi wake ni kwa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta chumba cha bei hiyo chenye stima na maji, kisha utuandikie.

Katiba ya 2010 imetamka, katika kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya makao ya kufaa na viwango vya usafi vinavyostahili. Jedwali la nne likazikabidhi kaunti mipango na nyumba, huduma za afya, zimamoto na taka. Lakini Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ni ya serikali kuu, mazingira yako NEMA, stima iko kwingine, na kila ofisi ina jibu lake. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lilipolipuka Mradi, Embakasi, katikati ya nyumba za watu, mamlaka ya nishati na petroli ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi matatu ya kibali cha kituo hicho mwaka 2023. NEMA nayo ilikuwa imetoa leseni. Wapangaji waliokuwa wamelala ukuta wa pili hawakuambiwa hapana ile wala ndiyo ile.

Waingereza, ambao sheria yetu ya afya ilinyonya maziwa kwao, walibadili mkondo mwaka 2004. Badala ya kuuliza tu kama nyumba inafaa au haifai, mkaguzi wa baraza la mji hupima hatari 29, kuanzia baridi na ukungu wa kuta hadi moto na kuanguka, na akikuta hatari ya daraja la juu baraza halina hiari: lazima lichukue hatua. Mwaka 2015 wakaongeza kwamba mpangaji aliyelalamika, na baraza likatoa notisi ya ukarabati, hangeweza kufukuzwa kwa miezi sita kwa njia iliyokuwapo wakati huo ya kumtoa bila kutaja sababu. Nisiwasifu kupita kiasi. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Rochdale kwa ugonjwa uliotokana na ukungu wa nyumba. Baba yake, mhamiaji kutoka Sudan, alikuwa ameripoti tangu 2017 na kuambiwa apake rangi. Kwao pia rangi ni jibu la haraka. Ila kifo kile kimezaa sheria yenye jina la mtoto, na tangu Oktoba 2025 mwenye nyumba za jamii anapewa saa 24 kushughulikia hatari ya dharura.

Hapa kwetu tumepata Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, badala ya zile za 1968. Tumezikaribisha. Zitamfaa zaidi atakayejenga kesho. Huruma na Pipeline zimekwisha kujengwa.

Wenye nyumba watasema, na mmoja anasema humu ndani kwa ufasaha kuliko nilivyotarajia, kwamba ukarabati utapandisha kodi na kumsukuma maskini hadi kwenye kibanda cha mabati. Si hoja ya kupuuza. Wengine wao ni wastaafu waliozika kiinua mgongo chote katika ploti moja. Lakini mpangaji huyo tayari analipa, kwa dawa za kifua, kwa maji ya mtungi, kwa vitu vinavyoungua. Na viwango si msahafu. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, kaya zaidi ya laki moja, na badala ya kuwapima watu kwa kanuni za mitaa ya matajiri, wapangaji, vyuo vikuu na shirikisho la wakaaji liitwalo Muungano wa Wanavijiji waliketi na maafisa kupanga barabara za upana gani, maji ya namna gani, nani abaki wapi. Kazi ile haijakamilika, na mafuriko ya 2024 yalirudisha tingatinga kwenye kingo za mito. Bado inaonyesha kwamba kaunti ikitaka inaweza kuuliza nyumba irekebishwe vipi kabla ya kuuliza ivunjwe lini.

Ninachodai si kikubwa. Notisi zitolewe kwa mambo madogo, kwa wingi, na zibandikwe getini mahali mpangaji anazisoma. Kodi ya nyumba iliyopewa notisi iwekwe mahakamani hadi fundi amalize. Aliyelalamika asitolewe. Haya mengi hayahitaji bunge.

Pa kuanzia napo papo. Kaunti ya Nairobi yenyewe ni mwenye nyumba mkubwa: Kaloleni, Ziwani, Bahati, Jericho, mitaa iliyorithiwa kutoka baraza la jiji, ambayo mapaa na mabomba yake yamechoka kuliko wakaaji. Uingereza baraza haliwezi kujipelekea notisi lenyewe, na huko nako hilo limeacha wapangaji wengi bila mtu wa kuwatetea. Hapa afisa wa afya wa kaunti jirani anaweza kualikwa. Akague, matokeo yawekwe kwenye ubao wa ofisi ya wodi, mpangaji wa Kaloleni ajue choo chake kitatengenezwa mwezi gani na fungu la fedha ni lipi. Hapo mwenye ploti wa Pipeline, atakapobishiwa hodi na notisi, hataweza tena kumuuliza afisa zile nyumba zenu za Jericho mmezifanyia nini.