Karata za wastani: hesabu kwanza, ukali baadaye

Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tutauangalia ukali katika poka ya Omaha, hasa ukali wa mtu aliyeshika karata za wastani: si mbovu za kutupa, wala si nzuri za kumfanya atabasamu. Ahadi ni deni. Hili nalilipa kwa aibu kidogo, maana somo lenyewe lilinigharimu shilingi 4,000 ambazo hazikuwa zangu peke yangu.

Kwa anayejiunga nasi leo, Omaha ni mchezo uliopata umaarufu Las Vegas, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila mchezaji hupewa karata nne za siri. Mezani hufunuliwa karata tano: kwanza tatu kwa mpigo, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila mara watu huweka dau. Mwishoni ni lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, si zaidi wala si pungufu. Tunapocheza kwa kikomo cha fungu, dau haliruhusiwi kuzidi pesa zilizoko mezani. Ukitaka kumpandishia mwenzako, unahesabu kwanza kana kwamba umeshamfuata, kisha unaongeza kiasi kilichopatikana.

Sasa, kwa nini wajuzi husifu ukali? Kwa sababu anayeweka dau ana njia mbili za kushinda: mwenzake atupe karata, au karata nzuri ije. Anayefuata tu ana njia moja. Tuseme fungu lina shilingi 100, nawe unaweka 100. Wenzako wakikimbia mara moja katika kila mbili, hujapoteza kitu hata kama umeshika takataka. Ukiwa na karata kadhaa zinazoweza kuja kukuokoa, huhitaji hata wakimbie mara nyingi hivyo. Hadi hapo mambo ni matamu, na hapo ndipo na mimi niliponogewa.

Ilikuwa Jumamosi jioni, hapa Mombasa, nyumbani kwa rafiki yangu mmoja ambaye ni baharia mstaafu. Mbele yangu nilikuwa na shilingi 4,000. Msomaji, nisikufiche: zilikuwa sehemu ya karo ya binti yetu, ambayo mama watoto alinikabidhi nikailipe Jumatatu.

Tulikuwa tumebaki wawili na fungu lilikuwa na shilingi 100. Mkononi nilikuwa na 6, 5, 4 na Q. Zikafunuliwa 8 ya kopa, 7 ya pau na 2 ya shupaza. Nikapiga hesabu ya haraka. Ikija 9, 6, 5 au 4, napata mfululizo. 9 ziko nne, na 6, 5 na 4 zimebaki tatu tatu. Jumla yake ni 13, katika karata 45 nisizoziona. Kwa kuwa zilikuwa zimebaki karata mbili za kufunuliwa, nilikuwa na nafasi karibu moja katika mbili ya kupata mfululizo wangu.

Rafiki yangu akaweka 100. Nikapandisha hadi 400. Akafuata, fungu likawa 900. Karata ya nne ikafunuliwa: 9 ya uru! Moyo ukanidunda. 5, 6, 7, 8, 9! Mwenzangu akapisha bila kuweka kitu. Nikaweka 900 zote. Akanywa chai yake taratibu, akapandisha hadi 3,600. Nilikuwa nimebakiwa na 2,700, yaani kiasi kile kile cha kumfuata. Nikazisukuma zote mezani.

Akaweka karata zake wazi: J, 10, 9 na 3. J na 10 zake, pamoja na 7, 8 na 9 za mezani, zilikuwa mfululizo mkubwa kuliko wangu. Nikaomba karata ya tano iniokoe, lakini ombi lilikuwa bure. Hakukuwa na karata hata moja katika zile zilizobaki ambayo ingenipa ushindi.

Nilipoanza kulaani bahati, rafiki yangu alinitazama kwa huruma. "Ndugu yangu," akasema, "bahati haina kosa. Ulihesabu karata ngapi zitakufaa wewe. Hukuhesabu ni ngapi kati ya hizo zitakazonifaa mimi zaidi."

Hebu tuhesabu pamoja, msomaji, maana utamu wa mchezo huu uko hapa. Kabla ya karata ya nne, yeye pia alikuwa na karata 13 za kumkomboa: J, 10 na 9 tatu tatu, na 6 nne. Kila moja kati ya hizo ingempa mfululizo usioweza kushindwa wakati ule. Mimi pia nilikuwa na 13. Lakini ikija 9, mwenye J na 10 ananishinda. Ikija 6, mwenye 10 na 9 ananishinda. Ikija 5, mwenye 9 na 6 ananishinda. Ni 4 peke yake ambayo ingenipa mfululizo mkubwa kuliko wote, na 4 zilikuwa zimebaki tatu tu. Sote wawili tulishika karata za wastani na sote tulicheza kwa ukali. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa akitafuta karata za kushinda, nami nilikuwa nikitafuta karata za kunifilisi.

Usinielewe vibaya. Kupandisha hadi 400 hakukuwa wazimu; angetupa karata, leo ningekuwa najisifu hapa. Kosa kubwa lilikuja aliponirudishia kwa 3,600. Nilitakiwa kulipa 2,700 ili nishinde 5,400, kwa hiyo nilihitaji kuwa mshindi angalau mara moja katika kila tatu. Je, mtu aliyepisha kisha akapandisha kwa kishindo namna ile angekuwa na kitu kidogo kuliko mfululizo wangu mara moja katika tatu? Sikujiuliza. Nilidhani kwamba mtu akianza kwa ukali ni lazima amalize kwa ukali. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwa hiyo, siku nyingine ukishika karata za wastani na mkono ukawasha, jiulize kwanza: karata ninazozingoja zitanipa mkono bora kuliko yote, au mzuri tu? Katika Omaha mkono mzuri tu ni hatari, kwa sababu karata nne hutoa jozi sita tofauti. Wakiwa wachezaji watano, jozi 30 ziko mikononi mwa watu, na mara nyingi ile unayoiogopa iko kwa mmoja wao. Kwa sababu hiyo hiyo, tishio lako lifanye kwa mtu mmoja au wawili. Kati ya wanne hakosi wa kukufuata. Afadhali pia uwe wa mwisho kusema, ujue wenzako wamefanya nini kabla hujatoa pesa.

Kisha uangalie mbali. Fungu la 100 likiwekewa 100 na kufuatwa huwa 300, halafu 900, halafu 2,700. Dau la kwanza ni shilingi 100 tu, lakini ukifika mwisho umetoa 1,300, na hapo hakuna aliyekupandishia. Kama huna nia wala uwezo wa kulipa hatua ya tatu, fikiri kabla ya kuingia ya kwanza.

Na nyumbani je? Jumatatu nilimwambia mama watoto kwamba karo nimelipa. Alhamisi binti yetu akarudishwa kutoka shuleni akiwa na mkoba wake na barua mkononi. Mama watoto aliisoma barua, akanitazama, hakusema neno. Ukimya ule ulinilemea kuliko zile 3,600. Nikasema ukweli wote, nikaenda kukopa kazini, na ilinichukua miezi miwili kulipa.

Siku hizi bado twacheza kwa yule baharia, lakini kila mmoja hupewa maharagwe 100, na yakimwishia anaenda kuchemsha chai. Hesabu ni zile zile, na mama watoto naye amejifunza. Juzi alinipandishia akiwa na J, 10 na 9 mkononi. Nikatupa karata zangu mara moja.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.