Uainishaji wa Viumbe Usiwe Kukariri Majina

Katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita, niliketi nyuma ya Darasa la Tano katika shule moja ya pwani. Mtoto mmoja alileta ndani ya kopo viumbe vidogo virukavyo, alivyovikuta chini ya mwani uliotupwa ufukoni na maji. Akauliza: "Mwalimu, hawa ni wadudu au ni jamii ya kamba?" Mwanachuo wetu akajibu kwamba swali hilo halimo katika somo la siku ile, kisha akaendelea kunakili ubaoni jedwali la faila na ngeli. Na somo lenyewe lilikuwa uainishaji!

Kosa hilo si la mwanachuo peke yake. Sisi wakufunzi tumewazoesha wanachuo kuamini kwamba uainishaji ni orodha iliyokwisha kamilika. Kwa maoni yangu, uainishaji ni hoja, na ushahidi wake ni mwili wa kiumbe.

Natutazame mfano wa Cystisoma, mnyama adimu wa bahari kuu. Mwili wake hupenya nuru kama kioo, urefu wake waweza kuzidi sentimita 10, na macho yake hujaza karibu kichwa kizima. Mfaransa Guérin-Méneville alimpa jina hilo mwaka 1842. Mwaka 1873, Mjerumani Rudolf von Willemoes-Suhm, akiwa katika meli ya utafiti ya Challenger, alidhani amepata jenasi mpya, akaiita Thaumops. Ulinganisho ulipofanywa, ilibainika kuwa ni mnyama yule yule. Jina la kwanza likabaki. Bingwa alisahihishwa, wala heshima yake haikupungua.

Kwa nini Cystisoma huwekwa katika oda ya Amfipoda? Kamba ana gamba moja lifunikalo kichwa na kifua, na macho yake yamesimama juu ya vikonyo. Cystisoma hana gamba hilo wala vikonyo hivyo, na kifua chake kina jozi saba za miguu. Vile viumbe vya kopo navyo ni hivyo hivyo. Mdudu ana jozi tatu tu. Basi mtoto yule alikuwa ameshika mkononi ndugu wa mnyama wa kilindini, na hakuna aliyemwambia ahesabu miguu.

Mtawanyiko nao ufundishwe kwa hadhari. Cystisoma amepatikana katika bahari za Atlantiki, Hindi na Pasifiki, hasa kwenye kina cha mamia ya mita. Lakini alama zilizo katika ramani zaonyesha mahali nyavu ziliposhushwa zikampata. Mahali pasipo alama si ushahidi kwamba mnyama hayupo, huenda hapajatafutwa. Mwanafunzi akilielewa hilo, amejifunza kusoma ramani yoyote.

Kwa hiyo nawashauri walimu watarajiwa: anzeni na kiumbe mwenyewe, si jedwali. Wanafunzi wahesabu, walinganishe, wabishane juu ya kundi lake na kutoa sababu. Majina ya kitaalamu yaje mwisho. Na swali likikushinda, sema, "Sijui, tumtazame pamoja." Neno hilo halimvunjii mwalimu heshima. Linalomvunjia ni kumrudisha mtoto mahali pake na kopo lake, akiwa amejifunza kwamba shuleni hapaulizwi.