Viwanja vinakwisha Kariakoo, utafiti umelala kabatini

Mtoto anayekulia Kariakoo leo hana pa kuchezea. Tunalisema mapema na bila kulizungusha, maana limezoeleka mno hata halimshtui mtu tena. Nyumba za zamani zenye ua nyuma na baraza mbele zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake yamesimama maghorofa, chini fremu, juu stoo. Baraza imekuwa meza ya machinga. Barabara imekuwa maegesho ya malori yanayoshusha marobota. Jumapili asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, ndipo utawaona watoto wa mitaa ya Sikukuu na Mchikichi wakipanga matofali mawili kuwa goli na kucheza chandimu, kwa mpira wa matambara uliokazwa na kamba za marobota yale yale. Lori likitokea wanapisha, likipita wanarudi, mara linatokea jingine. Saa tatu ikigonga, mchezo umekwisha. Na sasa soko linasukumwa kwenye biashara ya saa 24, kwa hiyo hata zile saa chache za Jumapili zimo hatarini.

Haya yanatokea pale pale klabu kubwa za mpira za nchi hii zilipozaliwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, zote zikitokana na vijana wa mitaa hii, na hadi leo makao ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yapo Jangwani. Mtafiti wa Kijapani, Tadasu Tsuruta, aliandika juu ya klabu hizi mbili katika kitabu cha historia ya Dar es Salaam kilichochapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2007, akaonyesha jinsi zilivyokua pamoja na mji wenyewe. Wazee wa Kariakoo hawahitaji kitabu kulijua hilo. Klabu ilikuwa mahali pa kupata jamaa kwa mtu aliyekuja mjini bila jamaa. Ukifiwa, watu wa klabu wapo. Ukiwa na shughuli, watu wa klabu wapo. Mpira ulichezwa na waliokaa jirani, ukatazamwa na waliokaa jirani.

Leo mpira una fedha ambazo waanzilishi wale wasingeziota. Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu kwenye televisheni ziliuzwa kwa Azam Media kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Hatuna ugomvi na fedha hizo. Zimeinua klabu na kuwapa wachezaji mishahara ya heshima. Lakini karibu zote ni fedha za kutazama. Kijana wa Gerezani anavaa jezi, anaingia kibanda umiza, anakaa dakika 90 na mkeka wa kubeti mkononi, anatoka akiwa ameliwa, na wiki nzima hajakimbia hata mita 100. Tukimhesabu kijana huyo kuwa mwanamichezo, tunajidanganya.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba majibu yapo, na yametafutwa hapa hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi za michezo. Mhadhiri wake, Dk. Cyprian Maro, aliongoza mradi wa EMIMA, yaani Elimu, Michezo na Mazoezi, uliotumia mpira wa miguu kufundisha watoto wa familia maskini wa Dar es Salaam juu ya Ukimwi. Matokeo aliyachapisha mwaka 2009 pamoja na Glyn Roberts na Marit Sørensen wa chuo cha sayansi za michezo cha Norway. Utafiti ulihusisha watoto 764. Waligawanywa makundi: wapo waliofundishwa uwanjani na makocha vijana wa rika lao, wapo waliotegemea somo la kawaida la shuleni, na wapo ambao hawakupewa programu yoyote. Baada ya wiki nane, watoto wa uwanjani walielewa zaidi juu ya ugonjwa na namna ya kujikinga kuliko wenzao wa darasani, sembuse wale wasiopewa chochote.

Msomaji aishike vizuri hoja hiyo. Hakuna mahali utafiti huo uliposema mpira wenyewe unaponya. Umesema kocha kijana aliyefunzwa, anayewajua watoto wake kwa majina, anayesimamisha zoezi katikati na kuwaketisha kwenye nyasi wazungumze, anafika mahali ambapo ubao na chaki havifiki. Mtoto anamsikiliza kwa sababu amemwona akipiga danadana. Mtupie kijana mpira bila kocha, bila muda na bila uwanja, hutapata matokeo hayo. Watafiti wa michezo duniani wamelirudia onyo hili mara nyingi: michezo inaweza kujenga, na inaweza pia kuzaa ngumi, matusi ya jukwaani na ulevi wa kamari. Tofauti iko kwenye namna inavyoendeshwa. Ndiyo maana tunahitaji utafiti kabla ya hotuba.

Sasa jiulize ni mwenyekiti gani wa mtaa aliyewahi kuyasoma matokeo hayo. Yalichapwa kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu wa Skandinavia. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kazi za Hamad Ndee, msomi mwingine wa chuo hicho hicho, aliyeandika kwa kirefu historia ya michezo Tanzania katika jarida la kimataifa mwaka 2010. Hatuwalaumu wanazuoni hao. Taaluma yao inawapima kwa majarida ya nje, na wametimiza wajibu wao. Tunaulaumu utaratibu unaoruhusu elimu iliyotokana na watoto wa Dar es Salaam isirudi Dar es Salaam. Chuo kile kile kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kuweka muhtasari wa kurasa nne, kwa Kiswahili, mezani kwa kila ofisa michezo na kila ofisa mipango miji ni kazi ya wiki chache. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lingeweza kuuomba kesho asubuhi.

Gharama ya kukaa kimya inajulikana. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani hawafanyi mazoezi ya kutosha. Kwa vijana walio katika umri wa shule hali ni mbaya zaidi, wanne kati ya watano. Shinikizo la damu na kisukari si maradhi ya Masaki tena. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia alfajiri hadi saa mbili usiku anayajua vizuri, na klabu za jogging zinazojaza barabara zetu kila mwisho wa wiki ni ushahidi kwamba wananchi wameshajitafutia dawa wenyewe. Wanakimbia barabarani, katikati ya bodaboda, kwa sababu hawana pengine.

Jirani zetu wa Nairobi walionyesha njia tangu mwaka 1987. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kiliweka kanuni kwamba timu inapata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao peke yake. Vyuo vikuu vya nje vimekisoma na kukiandika. Mathare haina ardhi nyingi kuliko Kariakoo, wala haina fedha nyingi kuliko Kariakoo.

Nasi tunavyo viwanja vilivyobaki. Kidongo Chekundu palipofunguliwa kituo cha michezo cha vijana cha Jakaya Kikwete mwaka 2015 ni mfano wa kile kinachowezekana: uwanja uliokuwa wa vumbi ukatengenezwa, na ukabaki uwanja. Ipo Mnazi Mmoja. Upo Karume. Vipo viwanja vya shule, na hivyo tunavitazama kwa hofu kubwa kuliko vyote, kwa kuwa tumeona katika mji huu maeneo ya umma yakizungushiwa fremu za maduka kidogo kidogo, mpaka katikati panabaki pa kuegesha magari. Na mtoto wa kike, ambaye netiboli yake haihitaji hata nusu ya uwanja wa mpira, ndiye anayeondolewa wa kwanza eneo likibanwa.

Halafu ipo Jangwani. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, umebeba wazo la bustani kubwa ya mji katika bonde ambalo mafuriko yameshatufundisha kutolijenga. Hii ni nafasi ambayo kizazi hiki hakitaipata tena karibu na Kariakoo. Tunadai ramani za bustani hiyo ziwe na viwanja vya ndondo, vya netiboli na njia za kukimbilia, vyenye taa, visivyo na geti la kulipia. Nyasi za kupigia picha za harusi hazitoshi. Na kabla wachoraji hawajafunga kazi, wataalamu wa Chuo Kikuu watumwe mitaani waulize nani anacheza, saa ngapi, wapi, na nani ameacha kucheza na kwa nini.

Utafiti huo una tarehe yake ya mwisho. Fainali za AFCON za 2027 tumepewa pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha unajengwa uwanja mpya wa watu 30,000. Tutaambiwa kwamba mashindano yameinua afya na umoja wa wananchi. Huenda ni kweli. Lakini asiyepima kabla hawezi kupima baada, na kila mwezi unaopita bila takwimu za awali unatuondolea uwezo wa kujua kama mabilioni ya mashindano hayo yalimfikia mtoto wa Mtaa wa Sikukuu au yaliishia kwenye viti vya wageni mashuhuri.

Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam haihitaji kusubiri AFCON wala Benki ya Dunia kwa jambo moja. Madiwani wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchikichini wasimame katika kikao kijacho cha bajeti na kumtaka mkurugenzi alete orodha ya kila kiwanja cha wazi na cha shule katika kata zao, ukubwa wake, na kama kina hati. Kisicho na hati kipimwe na kupewa hati mwaka huu wa fedha, na orodha ibandikwe kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mzazi yeyote anaweza kuisoma.