Lugha ya Mgonjwa na Elimu ya Muuguzi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa. Haisemi lolote kuhusu yule aliyeyataja maradhi yake waziwazi, ila akayataja kwa lugha ambayo muuguzi hakufunzwa kuitumia kazini.

Nchi ya chai ya Kericho na Bomet yafaa kuwa kioo cha suala hili. Mashamba yake makubwa yamewakutanisha Wakipsigis wenyeji na Wakisii, Waluo na Waluhya. Majani yanapopimwa, Kiswahili ndicho huwaunganisha. Wala si nchi isiyo na mafunzo ya uuguzi: Kericho pana chuo cha KMTC, na Bomet ipo Tenwek, hospitali ya wamishenari yenye chuo chake cha wauguzi.

Mnamo Novemba 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliotarajiwa kwenda kufanya kazi Uingereza, 10 pekee ndio waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Taifa lilishtuka. Hata hivyo, Uingereza ilidai jambo la haki: muuguzi aelewane na wagonjwa wake. Je, mgonjwa wa Kericho hastahili dai lilo hilo?

Anayetaka kusomea stashahada ya uuguzi huhitaji kuwa amefaulu Kiingereza au Kiswahili katika kidato cha nne. Akishavuka kizingiti hicho, vitabu na mitihani yake huwa kwa Kiingereza. Hufuzu akiijua vyema ripoti ya zamu, ilhali hajapimwa iwapo anaweza kumweleza mchuma chai mwenye presha kwa nini tembe hazikatizwi hata anapojihisi mzima. Maelezo yakipotea, dawa nayo imepotea. Pengine huitwa mtoto wa mgonjwa kufasiri, na siri ya mwili wa mama ikapitia kinywani mwa mwanawe.

Watakuwapo watakaodai kwamba tatizo ni uchache wa wauguzi, si lugha. Uchache upo. Lakini muuguzi anayehudumia wodi nzima peke yake hana nafasi ya kueleza mara mbili. Huyo ndiye anayehitaji zaidi kueleweka mara ya kwanza. Wengine watamtaja ajuza wa Kikipsigis asiyejua Kiswahili. Naam, na kwa sababu yake mwanafunzi afunzwe pia kufanya kazi na mkalimani.

Baraza la Wauguzi la Kenya lina wajibu wa kuyapima mawasiliano ya Kiswahili katika mtihani wa vitendo, kando ya kitanda cha mgonjwa. Idara za Kiswahili nazo zisingoje kualikwa. Kamusi ya Tiba ya TUKI ipo, ila kamusi haiwezi kumwuliza mgonjwa kama ameelewa. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika Ibara ya 7, na haki ya afya katika Ibara ya 43. Mahali pa ibara hizo mbili kukutana ni wodini.