Jeli ya Insulini na Kiambishi Kilichopotoka

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, ambaye amekuwa akijidunga insulini tangu utotoni, alinijia ofisini na kipande cha habari mkononi. Kichwa chake kilitangaza kwamba jeli mpya "inaponya" kisukari. "Mwalimu, ya nini basi kujitoboa kila siku?" aliniuliza. Nilishtuka. Mimi si tabibu, kazi yangu ni isimu. Lakini kosa lililotaka kumponza kijana yule lilikuwa la lugha.

Jeli yenyewe si ngano. Tangu 1979, Brownlee na Cerami walipochapisha wazo la insulini inayoongozwa na sukari ya mwili, watafiti wamelihangaikia wazo hilo. Baadhi ya jeli hizo hutiwa kimeng'enya kinachogeuza glukosi kuwa asidi. Sukari ikizidi, asidi huongezeka, jeli huvimba, nayo insulini iliyofungiwa ndani hupenya ikatoka. Sukari ikishuka, jeli hunywea na mlango ukajifunga. Nyingine hutumia michanganyiko ya boroni inayoshikana na glukosi bila kimeng'enya.

Ugumu u katika kufunga. Jeli ikichelewa kunywea, insulini huendelea kuvuja, sukari ikaporomoka, mgonjwa akatetemeka, akazirai, hata akafa. Ndiyo maana, baada ya miaka zaidi ya arubaini, jeli hizi hazijafika katika maduka ya dawa.

Mwandishi wa habari ile (wahariri wetu wanisamehe) alikosea mara mbili katika neno moja. Kiambishi -na- kilifanya tumaini kuwa tukio. Kitenzi "kuponya" nacho kiliahidi kisichodaiwa hata na watafiti wenyewe, kwani jeli ikifaulu itadhibiti sukari tu, na kongosho litabaki na ila yake. Angeandika "huenda ikadhibiti", asingemdanganya mtu. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson alipodungwa insulini huko Toronto akiwa na umri wa miaka 14, mtoto mwenye maradhi kama ya kijana huyu hakuwa na tegemeo. Aachaye sindano leo hurudi huko.

Nawasihi walimu wa Kiswahili na wa sayansi wazisomeshe habari za namna hii kwa pamoja, wala asiwepo wa kusema kwamba njeo si somo lake.

Kijana aliketi, tukaisahihisha habari ile kwa kalamu nyekundu. Kisha akatazama saa, akaomba ruhusa akajidunge kabla ya chakula cha mchana.